Kila Mpira Uliishia Mlangoni

Ukitaka kujua kama sakafu imeinama, huhitaji fundi. Weka mpira chini, uachie. Katika ghala la zamani la kahawa la baba mkwe wangu, pale Bugene, kila mpira uliishia mlangoni. Uweke chini ya bembea, uweke karibu na mtelezo, uufiche nyuma ya lundo la makapi; ukiguswa kidogo tu unaanza safari, unaongeza mwendo, na mwisho unaukuta kizingitini kama mbuzi anayengoja kufunguliwa. Waliojenga ghala lile walifanya kusudi. Walitaka maji ya kuoshea sakafu yatoke yenyewe. Kwa kahawa ilikuwa akili nzuri. Kwa mashine yenye uzito wa watu wazima wawili, iliyosimama juu ya miguu minne isiyozidi kidole changu cha gumba, ulikuwa mtego, na mimi nilijua ni mtego kabla haujafyatuka.

Nilijua, na nilisema. Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo. Watu wanasema wakwe wa siku hizi tunaongea sana. Mimi niliongea mara tatu, na mara zote tatu maneno yangu yalifika yakiwa yameng'olewa meno.

Kwetu mkamwana hasemi na baba mkwe uso kwa uso. Simaanishi kwamba anamwogopa. Ni desturi. Akipita njiani unapisha, unapiga goti mbali, unasema shikamoo ukitazama majani ya migomba. Hukalii kiti chake. Humpi kitu mkononi. Unakiweka chini, unarudi nyuma, anakiokota. Na ukiwa na neno, unampa mama mkwe alipeleke. Tulikuwa Walutheri wa kila Jumapili, baba mkwe alikuwa mzee wa usharika, lakini kwenye jambo hili hakuna mchungaji aliyewahi kutugusa. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nilijua kuchora ramani kwa kipimo, nilijua nguvu za mvutano na kitovu cha uzito, na nilikuwa napeleka maneno yangu kama barua isiyo na stempu.

Ukumbi wa watoto lilikuwa wazo lake yeye, na nampa haki yake. Kahawa ilipoanza kuuzwa kwingine, ghala likabaki tupu. Mvua za kwetu zikianza hazina adabu. Watoto wanakaa wiki nzima wamebanwa jikoni na moshi, au wapo nje wanaogelea tope. Akinamama waliokwenda gulio la Kayanga walikuwa wanawafungia ndani. Baba mkwe akasema ghala liwe la watoto. Akamwambia mama mkwe, mama mkwe akaniambia mimi, kwamba shule niliyosomeshwa na wazazi wangu sasa ifanye kazi.

Nikaifanyisha kazi. Nilifunga bembea sita kwenye kenchi kwa kamba za katani. Nilitengeneza mtelezo kwa mbao mbili ndefu, nikazisugua kwa nta ya nyuki mpaka zikateleza kama samaki. Kona ya nyuma nilimwaga makapi makavu ya kahawa, kimo cha kiuno, na watoto walikuwa wanaruka humo wakitoka na harufu ya kahawa masikioni. Binti yangu alikuwa na miaka mitatu. Yeye ndiye aliyekuwa kipimo changu. Kama yeye anapita chini ya kitu, basi mtoto yeyote atapita. Kama anafikia kitu, nakipandisha. Kama kitu kimechomekwa mahali, nakigongomea misumari, kwa sababu yule mtoto akiona kilichochomekwa lazima akichomoe. Alichomoa kizibo cha mtungi, alichomoa njiti za mlango wa kuku, alichomoa hata ufunguo wa baiskeli ya baba yake na mpaka leo hatujauona.

Halafu zikaja mashine.

Mdogo wake baba mkwe alikuwa Kampala. Akatuma kwa lori masanduku mawili ya gemu, yale ya kusimama, marefu kunipita, yana kioo kama cha televisheni na vishikio viwili mbele, na vitufe vyekundu. Moja lilikuwa la magari ya kukimbizana, jingine la ndege za kulipuana. Yalikuwa yametumika sana huko yalikotoka, mbao zimechakaa, lakini jenereta lilipowashwa na ule mlio ukatoka, watu walisimama barabarani na mizigo kichwani. Nisiwe mnafiki. Hata mimi nilifurahi. Nilishika kishikio, nikaendesha gari, nikagonga ukuta, nikacheka peke yangu.

Ila nilikuwa nimeshaona jambo lingine. Mashine ile ilikuwa nzito juu. Kioo na vyuma vyote vilikuwa kifuani mwake, chini kulikuwa kutupu. Na vishikio vilikuwa kwenye kimo ambacho mtoto wa miaka minane hachezi amesimama. Anajivuta, anabembea.

Nikachukua karatasi ya grafu niliyobaki nayo tangu shule, nikapima ukumbi mzima kwa futi. Nikapanga hivi: mashine ziwe nyuma kabisa, mkono wa kulia, kwenye nguzo mbili za zege. Sehemu ile ndiyo pekee ambayo sakafu ilikuwa sawa, kwa sababu ndipo ilipokuwa mizani ya kupimia magunia. Kila mashine ifungwe kwenye nguzo yake kwa ukanda wa chuma na nati. Waya wa jenereta upite juu kwenye kenchi. Na mbele yake, hatua mbili, libanwe benchi refu, lipakwe rangi nyekundu, mtoto ambaye kichwa chake hakifikii benchi asilivuke. Mlangoni pasiwe na kitu chochote. Mlangoni ndipo kila kinachobingirika kinapokwenda, na watoto wanafuata kinachobingirika.

Nikampelekea mama mkwe. Alikuwa anachambua maharage uani.

"Mama, mwambie baba mashine zisiwekwe mlangoni. Sakafu imeinama. Zitaanguka, na zitaangukia watoto."

"Nitamwambia, mwanangu."

Jibu likarudi jioni: "Baba yako amesikia."

Kesho yake fundi akaziweka mlangoni. Moja kushoto, moja kulia, kama walinzi wa benki. Baba mkwe alitaka wanaopita barabarani kuelekea Kayanga wazione. Kwa kuwa zilikuwa zinainama mbele, fundi alichonga kabari nne za mti wa mbuni, akazipenyeza chini ya miguu ya mbele, akarudi nyuma akafumba jicho moja.

"Zimekaa," akasema.

"Kabari ni za kuchomekwa tu?" nikamuuliza.

"Uzito wenyewe unazibana, shemeji. Hata ng'ombe hawezi kuzitoa."

"Ng'ombe hana vidole."

Akacheka. Alidhani ni mzaha.

Nikarudi kwa mama mkwe mara ya pili, nikarudia maneno yaleyale, makali zaidi. Safari hii sikuondoka. Nilizunguka nyuma ya jiko, nikasimama kwenye ukuta wa mabua, nikasikiliza. Sioni haya kulisema. Alipoingia baba mkwe, akapewa maji, akanawa, akakaa. Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe, laini kama ndizi zilizoiva.

"Mkamwana wako anakushukuru kwa mashine. Anasema zimependeza. Anaomba tu, ukipata nafasi, Mungu akijalia, uzitazame kama zimekaa vizuri."

"Zimekaa vizuri," akasema baba mkwe. "Mwambie nami nimefurahi."

Nilihisi damu imenipanda mpaka kwenye meno. Nilimngoja mama mkwe pale nje.

"Mama, hayo ndiyo niliyokutuma?"

Hakushtuka hata kidogo. "Ulinituma moto. Moto haupelekwi kwa mtu mzima kwenye kiganja, unapoozwa kwanza."

"Umeupooza mpaka umezimika!"

"Mimi nimekaa na yule mzee miaka arobaini. Kila neno lililomfika, mimi ndiye niliyelipika. Hajawahi kushindwa kula."

Nilikwenda kwa mume wangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, anayesahihisha madaftari kwa penseli ili asiwaumize watoto na wino mwekundu. Nilimweleza yote. Akanisikiliza, akasema nina haki. Kisha akasema, "Nitaongea naye." Nasema hivi kwa upendo: katika nyumba yetu, nitaongea naye ni sentensi ya kumalizia mazungumzo. Alikwenda kweli siku ya Jumamosi, wakazungumza habari za miche ya kahawa, akarudi na mkungu wa ndizi.

Mara ya tatu nikapeleka mchoro. Nilijiambia karatasi haipoozwi. Nikaandika kwa herufi kubwa: HAPA SAKAFU IMEINAMA. HAPA MTOTO ATAKUFA. Mama mkwe hakujua kusoma, kwa hiyo aliibeba jinsi ilivyo. Baba mkwe alijua kusoma. Akaisoma yote. Nilikuwa palepale nyuma ya mabua.

Kisha akauliza, "Huyu ameolewa hapa au ameajiriwa?"

Mama mkwe akacheka kidogo, kicheko cha kumwomba aishie hapo.

"Ananiandikia kifo kwenye karatasi," akasema mzee. "Kabla hata ukumbi haujaombewa. Mtoto wa nani anaandika hivyo?"

Akaikunja, akaitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Basi.

Ukumbi uliombewa siku ya gulio, mchana, na mvua ilinyesha tangu saa nne kama kawaida. Watoto walijaa. Siwezi kusema walikuwa wangapi, lakini hakukuwa na bembea iliyopumzika. Baba mkwe alivaa koti lake la kahawia, alikuja na wazee wawili wa usharika. Walisimama mlangoni, baba mkwe nyuma yao, katikati ya ile mashine ya magari na mwimo wa mlango, mahali ambapo mtu mmoja anapita kwa ubavu. Walikuwa wameipa mashine mgongo, wanatazama mvua, na baba mkwe anaeleza jinsi lori lilivyokwama Kyaka.

Mimi nilikuwa ndani, upande wa pili wa mashine, nimezungukwa na watoto wanaotaka kusukumwa. Mama mkwe alikuwa mlangoni karibu na wazee, na sinia la karanga.

Watoto watatu wakubwa waliingia kwenye kishikio kimoja. Nasema waliingia kwa sababu walijitundika wote, miguu juu, wakipiga kelele gari linapokata kona. Nikapiga ukelele, "Shukeni!" Jenereta likaumeza. Kisha nikamwona binti yangu. Alikuwa amechuchumaa upande wa nje, chini kabisa, kwenye mguu wa mbele wa mashine, na mkononi tayari alikuwa na kabari moja. Alikuwa anaisukuma sakafuni kama gari, anafanya brrr kwa midomo. Ilipoteleza kidogo akaiacha, akarudi kuchukua ya pili.

Kati yangu na yeye alikuwa amesimama baba mkwe.

Nikifika hapa kwenye kisa hiki watu huniuliza kama niliruka mara moja. Sikuruka. Nilisimama. Nilikuwa na kidato cha nne na nilijua kinachokuja, na miguu yangu ilisimama kwa sababu mgongo wa baba mkwe ulikuwa mbele yangu na hakuna mahali pa kupita bila kumgusa. Nikafanya alichofundishwa mkamwana. Nilimtafuta mama mkwe kwa macho.

"Mama! Mwambie baba asogee!"

Mama mkwe akageuka. Aliona uso wangu. Na wallahi, namheshimu yule mama, amenilelea mtoto, lakini nilimwona anavyokusanya midomo, anavyoanza kutafuta njia nzuri ya kulisema.

"Waitu," akaanza na neno la heshima, "mkamwana anaomba..."

Nilimsukuma yule mzee. Mikono miwili, mgongoni, kwa nguvu zote za kubebea maji. Baba mkwe akaenda mbele, akawapamia wazee wenzake, wote watatu wakatoka kwenye mvua. Nikaingiza mkono pale chini, nikashika kilichokuwa karibu, kilikuwa kiganja cha kushoto cha binti yangu, nikavuta. Sikumwinua, nilimvuta kama mtu anavyong'oa muhogo. Wale watatu wa kishikio waliruka kila mmoja kwake. Mashine ikainama taratibu kabisa, kama mzee anayeitikia salamu, halafu haikuwa taratibu tena.

Kioo kilipasuka kwa mshindo ulioliziba jenereta. Pale ambapo kichwa cha mwanangu kilikuwa, palikuwa na ubao na vyuma, na kabari moja ya mbuni imepondwa ikawa bapa.

Binti yangu alikuwa analia na mkono wake umening'inia. Hakuna mashine iliyomgusa. Ni mimi.

Hospitali nesi aliushika mkono, akauzungusha kidogo, kikasikika kitu kimelia ko kwenye kiwiko, na mtoto akanyamaza palepale.

"Nani alimvuta hivi?"

"Mimi."

"Mtoto havutwi kama kamba ya ndoo, mama."

"Dada, ungeona kilichokuwa kinamshukia ungenisaidia kuvuta."

Aliufunga kwa kitambaa shingoni. Hata sasa akishikwa mkono mmoja anasema, "Usinivute wewe." Ananiambia mimi. Nalimeza neno hilo.

Nyumbani hakuna aliyezungumzia mashine. Walizungumzia mikono yangu. Umemgusa baba mkwe. Umemsukuma mbele za wazee wa kanisa, akaanguka kwenye tope na koti lake. Mmoja wa wale wazee, huyohuyo anayesimama madhabahuni akikemea pombe, alisema desturi inataka mtungi wa lubisi, pombe yetu ya ndizi, na magoti. Mama mkwe akaja kunikalisha.

"Omba radhi, yaishe. Mimi nitayapeleka."

"Hapana, mama. Wewe hutapeleka neno langu tena. Hata la chumvi."

Aliumia. Nilimwona ameumia, na sikulirudisha. Mume wangu akasema, "Kwa ajili yangu." Nikamwambia mtungi nitaupeleka siku ile mashine iliyobaki itakapofungwa kwenye nguzo, na kama haifungwi, binti yangu hakanyagi mle na mimi sikanyagi, na bembea zangu nazikata kwa panga. Hapo ndipo alipojua sifanyi mzaha, maana zile bembea nilizipenda.

Ukumbi ulikaa umefungwa wiki mbili. Watoto walikuwa wanachungulia kwenye nyufa za mlango.

Siku moja asubuhi nikasikia kufuli linafunguliwa. Nilikwenda na panga, kweli kabisa, nikidhani fundi amerudi na kabari mpya. Alikuwa baba mkwe, peke yake. Mashine ya ndege alikuwa ameshaitoa mlangoni. Sijui aliivuta na nani. Ilikuwa imelazwa juu ya magunia katikati ya ukumbi kama mgonjwa. Mkononi alikuwa na karatasi yangu ya grafu, imekunjika mahali alipoitia kitabuni.

Nilipiga goti pale mlangoni. Mazoea. Shikamoo yangu ikatoka kavu.

"Marahaba," akasema, akaugeukia ukuta. Akawa anauambia ukuta. "Mtu aliyechora hapa ameandika hatua mbili. Hatua za nani? Zangu au za mtoto?"

Nikageukia ukuta wangu, wa upande wa pili.

"Za mtu mzima," nikauambia. "Na imeandikwa chini kwa sentimita, kama mtu angesoma badala ya kukunja."

Nilingoja ang'ake. Hakuwa amewahi kula neno langu bila kupikiwa, nilitaka kuona kama litampita kooni.

"Na benchi," akasema, "liwe na kimo gani?"

"Linifike kiunoni. Na libanwe sakafuni, lisiwe la kusogezwa kila mgeni akija."

"Na ile iliyovunjika? Fundi anasema kioo kinapatikana Mwanza."

"Ile hairudi humu ndani."

"Inaweza kutengenezwa."

"Hairudi, baba."

Lilitoka lenyewe, baba, na mimi nilikuwa nimegeuka, namtazama yeye, si ukuta. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyokuwa nadhani. Kwa miaka minne nilikuwa namjua kwa viatu vyake.

Alitoa futi mfukoni, akainama, akaiweka sakafuni katikati yetu, akarudi nyuma hatua mbili. Nikaiokota. Nikapima kutoka ukutani mpaka nguzo ya kwanza, nikaweka alama kwa mkaa. Nilipomaliza nilimwona ameufuata mpira wa matambara uliokuwa umelala kizingitini tangu siku ya maombi. Akaja nao mpaka kwenye alama yangu, akaukalisha chini kwa vidole viwili, akauachia, akakaa akiutazama huku ameinama, mikono magotini.

Nami niliutazama. Nilishapajaribu mara kumi, na bado niliinama kama yeye.

Mpira ulikaa.

"Lete ukanda wa chuma," akasema, na hakuuambia ukuta.